Nyumba ya nesi iliyolambwa na ng'ombe

Wakuu, habari za humu.

Naona nyuzi nyingi zinasifia nyumba za matofali ya udongo yasiyochomwa, siku hizi mnaziita low carbon, yaani hazichafui hewa sana. Sina ugomvi nazo. Nimeshiriki kujenga moja, na nitaeleza kama ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mtu wa hovyo.

Niliacha shule darasa la tano. Sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa sehemu moja. Nimekata mkonge mpaka shamba likafa, nimekuwa utingo, nimeuza mitumba Mikumi pale malori yanapolala. Ilikuwa enzi za ruksa, maduka yamejaa na mifuko mitupu.

Katika kuzunguka nikajikuta Ulaya. (Ulaya hii iko Kilosa. Mnaotaka kutania tanieni sasa tumalize.)

Kijiji cha jirani kilikuwa na zahanati lakini nesi hakai, kwa sababu hakuna pa kulala. Wawili walishakuja wakaondoka. Kijiji kikaambiwa wazi: nyumba ikisimama nesi atabaki, isiposimama atapelekwa kwingine.

Mradi mmoja wa ujenzi ukaleta injinia kutoka Dar, tumwite Mweta. Hoja yake ilikuwa nzuri. Tofali la kuchoma linakula miti, na mlima wa nyuma ya kijiji ulishaanza upara. Yeye alikuja na mashine ya mkono. Unachanganya udongo na simenti kidogo, unashindilia, unafyatua, unamwagilia kivulini mpaka likomae. Hakuna tanuri, hakuna kuni.

Mimi nilipata kibarua pale, nikamuuliza maswali mpaka akacheka.

"Wewe ungesoma ungenisumbua sana," aliniambia.

Akanipa kipimajoto na daftari. Nyumba ikiisha nipime joto la ndani na la nje, mara tatu kwa siku. Mbele ya mafundi akaniita msaidizi wake wa utafiti.

Mtu wa darasa la tano ukiitwa hivyo, hata kutembea unatembea tofauti. Nilinunua kalamu mbili.

Udongo tulichimba bondeni, kwenye shimo ambalo tulilikuta wazi. Ulikuwa karibu, laini, unashika vizuri kwenye mashine. Hakuna aliyejiuliza shimo lile lilianzaje.

Siku za gulio alikuwa anapita mama mmoja wa Kimaasai na vibuyu vya maziwa. Tulimwita Yeyo, ndivyo kwao wanavyomwita mama. Siku moja akasimama kwenye rundo letu la udongo, akaokota kidogo, akalamba.

"Huu ng'ombe wetu wanakula," akasema. "Kiangazi tunawaleta pale shimoni wanalamba. Mnawajengea chakula?"

Fundi mmoja akamjibu, "Yeyo, wewe punguza maji kwenye maziwa, matofali tuachie sisi."

"Maziwa yangu hayajawahi kumwangukia mtu," akasema. "Ngoja tuone hayo yenu."

Wote wakacheka, na yeye akacheka. Mimi sikucheka. Alipoondoka nililamba kiganja changu. Kilikuwa na chumvi, lakini nikajiambia labda ni jasho. Nikaokota bonge jipya, nikalamba tena. Chumvi.

Injinia alikuwa hatua chache tu, anachora.

Lakini zaidi ya nusu ya matofali yalishafyatuliwa, na mashine ilikuwa inasubiriwa kwingine. Nikawaza: nikisema, kazi inasimama, na mimi ndiye niliyeisimamisha. Daftari atapewa mwingine. Nikanyamaza.

Nyumba ikaisha. Nesi Felista akahamia na cherehani yake na kuku watatu. Mchana nyumba za jirani haziingiliki kwa joto la bati, kwake poa.

"Mdogo wangu," aliniambia, "hapa nikitoka zamu nalala mchana bila kujimwagia maji kwanza."

Daftari langu lilisema hivyohivyo. Injinia alikuwa sahihi, hilo silifichi.

Safu ya mwisho ya daftari iliandikwa Maoni. Kila siku nilijaza: hali nzuri.

Kiangazi ng'ombe wakaanza kushuka mtoni, na njia yao inapita pale. Asubuhi moja nesi akakuta kona ya nje ya chumba chake imelowa mate, imeliwa kwa ndani kama sabuni iliyotumika. Akaweka miiba. Ng'ombe wakaipita.

Kwenye Maoni nikajaza: hali nzuri.

Injinia alirudi mara moja tu. Gari hakulizima.

"Hii kona imekuwaje?"

"Mbuzi wanajikuna," nikamwambia.

Akachukua daftari, akafurahia namba, akaagiza kona ipigwe lipu, akaondoka. Aliyetaka kujua nyumba inaishije alikaa nayo dakika chache. Aliyekuwa nayo kila siku alikuwa muongo.

Lipu haikudumu. Chumvi ilitokea ndani kama unga mweupe, ikaisukuma ikadondoka vipande vipande, ng'ombe wakaendelea. Masika ilipokolea, kona ikaanguka. Ilikuwa mchana, nesi yuko zahanati anachanja watoto. Alikuja akakuta kitanda kimefunikwa na matofali.

Akanigeukia mimi, si mwingine. "Wewe si ulikuwa unapima?"

Nilipima joto, wakuu.

Mwezi haukuisha akahamishwa. Wajawazito wakaanza tena kubebwa kwa baiskeli kwenda mbali. Na mimi nikaondoka, kama kawaida yangu.

Miaka mingi baadaye, njia ya kwenda Kilangali, nikaona ghala la mtu lililojengwa kwa matofali ya namna ileile, udongo wa mahali pengine. Kona zake kali kabisa. Nikalamba ukuta. Mwenye ghala alinitazama kama kichaa. Haukuwa na chumvi hata kidogo.

Niliporudi kijijini, mwenyekiti akanionyesha nyumba mpya ya nesi, ya matofali ya kuchoma. Nyuma yake mlima umebaki mawe. Ukitaja udongo wanacheka. Wazo zuri lilifia pale kwa sababu ya shimo moja.

Yeyo bado alikuwa anauza maziwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitambua. Nikaanza kujieleza, akanikatiza.

"Wale wengine walicheka," alisema. "Wewe hukucheka. Ndiyo maana nikaenda zangu. Nilijua kuna mmoja amesikia."

Akanipimia maziwa, akageukia mteja mwingine.

Nilichojifunza: mnaojenga nyumba hizi, jengeni. Ila udongo muulizeni anayeutumia kabla yenu. Mtu akishahamia, rudini, mzime gari, mkae. Na mkimpa mtu daftari, mwambieni habari mbaya nayo ni kazi yake, hatafukuzwa kwa kuiandika.

Mwenye nyumba ya aina hii, hasa wa Kilosa na Mikumi, atuambie imekuwaje baada ya masika kadhaa. Nyufa, unga, mchwa, lolote.

Msinijazie hali nzuri.