Picha Niliyoilaza Kifudifudi

Nikwambie mapema: mimi si mtunzi. Ningekuwa na kipaji hicho ningetunga jambo la kunichangamsha, si hili. Haya yalinikuta mwenyewe, Sumbawanga mjini, jua likiwa bado juu, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Na tafadhali usianze na habari za ungo. Ukimtajia mtu wa mkoa mwingine Sumbawanga, hata salamu hajamaliza, ameshakuuliza wachawi. Nimeishi huku zaidi ya nusu ya umri wangu, na ungo pekee niliouona ni wa kupepetea ulezi. Ndiyo maana jambo hili lilinikuta sijajiandaa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, maduka yameanza kujaa bidhaa tena. Nilikuwa karani katika ghala la mahindi. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakawa wanamfuata mkulima hukohuko shambani, ghala likakosa kazi na sisi tukapunguzwa. Wenzangu wakarudi makwao. Mimi kwetu ni Kilosa, na mama yangu alikuwa ameshafariki, sasa ningemrudia nani? Nikabaki na chumba cha kupanga, kijishamba cha kukodi upande wa Kasense, na kadi zangu.

Ndiyo, kadi. Cheka tu, nimezoea. Mwanaume mzima nakaa na mkasi nakata maua ya karatasi. Nilianza nikiwa bado kazini, jioni zikiwa ndefu. Nilitumia karatasi ya manila, picha za kalenda zilizopita, karatasi ya dhahabu ya ndani ya pakiti za sigara, na maua ya porini niliyoyakausha chini ya gunia la maharage. Gundi nilipika mwenyewe kwa unga wa ngano. Nilitengeneza kadi za Krismasi, za komunyo, za harusi. Nilipanga na albamu za watu pia: bibi harusi ananiletea picha zake, mimi nazipunguza kingo, nazipamba, kila ukurasa na mpangilio wake. Malipo yalikuwa asante, na mara mojamoja kuku.

Halafu zikaingia kadi za dukani, zile zinazoimba zenyewe ukizifungua. Nani tena angetaka za kwangu? Lakini mkono ukishazoea kazi hautulii. Niliendelea kutengeneza, na sikuwa na wa kumpa. Krismasi moja nilitengeneza kadi nzuri kuliko zote, nikajiandikia mwenyewe: Heri ya Krismasi, ndugu yangu. Nikaitundika ukutani juu ya kitanda. Niliona aibu, lakini nilipolala chini yake nilijisikia vizuri.

Hapo kuna jambo la ufundi lazima ulielewe, maana ndilo lililonitia matatani. Kadi ya mkono isipokuwa na kitu kigumu ndani, inalegea na kujikunja. Mpiga picha mmoja pale mjini alikuwa na boksi la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Watu wanapanda na lori kutoka Wampembe huko ziwani, wanapigwa picha, wanaondoka, na picha inabaki. Akanipa zote. Karatasi ya picha ni ngumu, inafaa sana. Nikawa naibandika ndani ya kadi, katikati ya karatasi mbili, uso chini. Uso wa picha unateleza, hauchukui gundi sawasawa, basi mgongo ndio niliokuwa naupaka. Sikuzitazama sura. Kwangu zile zilikuwa karatasi tu.

Sasa ukafika Julai. Kama hujawahi kukaa huku Ufipa mwezi huo, hujui upepo. Wote tunafunga milango. Mimi na karatasi zangu ndiyo usiseme: kila kipande nakigandamiza kwa jiwe, maana mlango ukifunguka kidogo tu, kazi ya wiki inaruka hadi uvunguni. Ilikuwa alasiri, nimekaa mezani, nasikia hodi. Kabla sijaitika mlango ukafunguka, akaingia mwanamke.

Karatasi hazikucheza. Niamini, hata moja. Niliona, nikajiambia labda upepo umetulia kidogo.

Alikuwa wa umri wangu, amevaa sweta la kijani na kitenge, uso mpole. Akakunja magoti na kupiga makofi taratibu, kama Wafipa wanavyomsalimu mtu kwa heshima. Viganja niliviona vikikutana, sauti sikuisikia. Hilo nalo nikaliacha lipite. Mtu ambaye hajagongewa mlango tangu Pasaka haanzi kumchunguza mgeni.

"Habari za kazi, kaka," akasema.

Nikamkaribisha kiti. Akaangalia kazi yangu, akachukua maua makavu na kuyapanga pembeni mwa ukurasa, vizuri kuliko mimi. Nikamchemshia chai. Nikaanza kuongea, nikaongea hadi nikajishangaa: habari za ghala, za mama yangu, za wenzangu walioahidi kuandika na hawakuandika. Yeye aliitikia tu, "Ee," na "Pole, kaka." Kikombe alikishika kwa mikono miwili, lakini chai haikupungua. Sijui kama niliwahi kuwa na alasiri nzuri kama ile. Nakwambia ukweli, hata sasa naikumbuka kwa furaha, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mwishowe akasema, "Nataka unitengenezee ukurasa. Nataka niwekwe na mtu."

"Na nani?"

"Yeyote asiye na mtu."

"Haya, lete picha."

Akainua macho ukutani, pale juu ya kitanda. "Ninayo humo. Umenilaza kifudifudi, kaka. Tangu Krismasi. Nimechoka."

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi miguu ilinipeleka ukutani badala ya mlangoni. Nikaitungua kadi, nikaishikilia juu ya mvuke wa birika. Gundi ya unga ikipata mvuke inaachia yenyewe. Nikaibandua picha polepole, nikaigeuza. Sweta lilelile. Kitenge kilekile. Amesimama peke yake mbele ya pazia la studio, ameweka mkono juu ya kiti kitupu.

Nilipogeuka, na kiti nilichomkaribisha kilikuwa kitupu. Kikombe kipo mezani, chai imejaa na imepoa.

Nilitoka mbio hadi kwa jirani, Mama Deo, mama wa misa za alfajiri, mwenye ulimi mkali na moyo mweupe. Nikamkuta anachambua maharage. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakunicheka. Akaishika picha kwa ncha za vidole, akaitazama, hakumjua.

"Kesho irudishe kwa mpiga picha," akasema. "Na nisisikie umeibandika karibu na yako. Mtu usiyeujua ukoo wake humweki ubavuni, mwanangu, hata kwa karatasi. Huko ni kuoa."

Kisha akaniambia nibaki, nile ugali nao, nilale kwao na vijana wake. Nikasema narudi sasa hivi, naenda kufunga mlango tu.

Nilifika chumbani. Albamu yangu mwenyewe ilikuwa rafuni. Ndani yake nilikuwa na picha moja ya kwangu, niliyopigwa ghalani, na ubavuni pake ukurasa ulikuwa mweupe. Nilikuwa nimeiweka pembeni hivyo tangu mwanzo, nikitumaini. Nikakaa nikautazama ule weupe. Ugali wa Mama Deo nilijua utakwisha na usiku utakwisha, nami nitarudi chumbani humu. Huyu mwingine alikuwa ameniomba yeye mwenyewe. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniomba hivyo.

Usiseme nilirogwa. Sikurogwa. Nilichukua gundi, nikampaka mgongoni, nikamweka ubavuni kwangu, uso juu. Nikampambia kingo zote nne. Kwa Mama Deo sikurudi.

Asubuhi nilifungua albamu. Mimi nilikuwepo. Maua ya kingo yalikuwepo. Katikati yake palikuwa na alama ya gundi tu. Nilitafuta chumba kizima, picha sijaiona hadi leo.

Nikadhani yamekwisha. Baada ya miaka kadhaa nilipata mchumba, mwalimu kule Kaoze, mwanamke mcheshi aliyekuwa akinitania kwa maua yangu ya karatasi. Tukaenda studio kupiga picha ya uchumba. Mpiga picha akasema tusogeane, tukasogeana. Bega lake lilikuwa limegusa langu, nililisikia joto lake. Picha ilipotoka, kati yetu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Na yeye amejiegemeza kando, kama unavyomsogelea mwenzako kwenye benchi la kanisa kumpisha aliyechelewa.

Aliitazama muda mrefu. "Hapa pana mtu," akasema. Hakukasirika. Alinirudishia picha, akarudi Kaoze, na mwaka uliofuata nikasikia ameolewa.

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Harusi, ubatizo, msiba, popote ninapopigwa picha, kushoto kwangu pana pengo, na watu wamelipisha bila wao kujua. Hata kanisani hakuna anayekaa upande huo. Sijawahi kumwona tena yule mwanamke, wala kusikia "pole, kaka" yake. Jioni nyingine namsemesha. Namweleza siku ilivyokwenda, nasubiri. Nafasi ubavuni kwangu imejaa, na aliyeijaza hasemi neno.

Basi wewe unayenisikiliza, picha ya mtu usiyemjua irudishe ilikotoka. Usiikate, usiifunike, usiilaze chini. Na siku upweke ukikubana hadi unaona heri yeyote, usikae na meza yako. Nenda kwa jirani anayekuita ukale naye ugali, hata kama huna la kusema, na ukifika, kaa.