Ukuta wa Watu Wasiojulikana

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpima Mkuu wa Wilaya alinikabidhi kitabu cha uwandani, kile cha kuandikia vipimo papo hapo shambani, kisha akaitoa raba mfukoni mwangu na kuitupa nje ya dirisha.

"Hapa hatufuti," alisema. "Ukikosea, kata na mstari moja. Ile ya kwanza isomeke."

Nikamwona mzee msumbufu.

Miaka ya tisini nilikuwa kituo cha Machakos chini ya Afisa Mpimaji mwingine, mtu mpole lakini mpenda makubwa. Tukaletewa mwandishi wa ng'ambo, tumpimie bonde lililo juu ya Mitaboni, chini ya kilima cha ithembo, mahali ambapo wazee wetu walitolea sadaka. Aliona kuta za mawe zikipanda ngazi kwa ngazi, akashikilia kuwa ni masalio ya taifa lililopotea. Sisi tuliziita kingo za matuta.

Waliozijenga niliwajua. Mama yangu, Nduku, aliongoza mwethya, kikundi cha wanawake cha kusaidiana kazi, na jiwe moja pale lilimsaga kidole. Alimwendea mgeni mwenyewe.

"Hii ukuta ni sisi tulijenga," alimwambia. "Mvua ilikuwa inabeba shamba."

Mgeni akatabasamu, akampiga picha.

Kitabuni niliandika: Ukuta wa mawe, umejengwa na mwethya wa Nduku. Afisa akasoma, akaguna.

"Ukiandika hivyo, nani atatoka mbali kuja kuona? Andika watu wasiojulikana."

Nilikuwa na watoto wanne shuleni. Nikakata, nikaandika. Jioni mama akaniuliza, "Umetuandika?" Nikasema ndiyo, nikashindwa kumtazama usoni.

Sikatai kwamba kilima kina siri zake. Yale mawe ya ithembo, hata babu hakujua nani aliyapanga. Lakini kuta hazikuwa siri, na aibu ile nimekaa nayo miaka mingi. Maneno yale yaliandikwa kwenye bango la wageni, na mama alifariki bango la "watu wasiojulikana" likiwa limesimama mbele ya ukuta wake.

Nilikuwa nimeshastaafu simu ilipolia. Alikuwa afisa mpya wa kituo, mwanamke niliyemfundisha kazi tulipokuwa tukipima machimbo ya Mlolongo. Bango lilikuwa limeoza, walitaka kuliandika upya, naye alikuwa amekifungua kitabu changu cha zamani.

"Mzee, hapa umekata, lakini jina inasomeka. Nduku ni nani?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Ni mama yangu," nikamwambia. "Muandike."