Mwongozo Alioupitisha Jedidah

Jedidah alifundisha shule ya msingi kule Bura miaka kumi na minne kabla ya kuteremka Voi kuandika miongozo ya kompyuta, na ualimu haukumtoka. Jambo la muhimu alilisema mara tatu. Ya kwanza, alikuwa akieleza, ni ya kusikia. Ya pili ni ya kuelewa. Ya tatu ni ya yule aliyekuwa akichungulia dirishani. Kampuni iliyomwajiri ilitengeneza programu za zahanati ndogondogo, na yeye aliwafafanulia wauguzi jinsi ya kuzitumia. Wengi wao nyumbani husema Kidawida au Kikamba, na Kiswahili cha ofisini huwachosha. Kwa hiyo aliandika kama anayezungumza na mtu aliyeshika sindano mkono mmoja na simu mkono wa pili.

Walikuwa waandishi watatu, katika ofisi iliyo juu ya duka la mabati na misumari. Kisha ikaja akili unde. Mkubwa wao, Derrick, akaleta mawakala wawili, yaani programu zinazojiendesha zenyewe: mmoja wa kuandika miongozo upya, wa pili wa kuikagua. Kazi ya mwezi ikawa ya asubuhi moja. Wenzake wawili wakaagwa kwa keki na soda. Jedidah akabakizwa awe jicho la binadamu. Kazi yake ikawa kusoma walichokubaliana mawakala, kisha kubonyeza "Pitisha". Jina lake liliandikwa chini ya kila mwongozo.

Mwanzoni alisoma kila neno, tena kwa kiherehere, akitafuta kosa la kuwaumbua. Hakuliona. Waliandika vizuri, pengine kumshinda, na hilo lilimuuma, tusifichane. Lakini mtu akitafuta kosa miezi mitatu asilipate, jicho husinzia likiwa wazi. Alhamisi moja ya mwezi wa Machi aliletewa miongozo thelathini na mmoja, akaipitisha yote kabla ya chai ya saa kumi.

Kati ya hiyo ulikuwamo wa friji ya chanjo. Friji hizo zina kifaa kinachopima baridi mchana na usiku, na baridi ikizidi hulia. Chanjo nyingine zikiganda huharibika hata zikiyeyuka tena, na kwa macho zinaonekana nzima kabisa. Mwongozo wa zamani, ulioandikwa na Jedidah mwenyewe, ulisema hivi: "Kifaa kikilia, soma baridi ya chini kabisa iliyofikiwa, uiandike. Umeiandika? Kama hujaiandika, usibonyeze kitufe cha Anza Upya, kwa maana kitaifuta. Ukishaiandika, ndipo ubonyeze." Wakala wa kuandika aliona maneno yanarudiwarudiwa, akayafupisha. Tena, kwa kuwa ndani ya programu ukurasa wa kuandikia hufunguka baada ya kitufe kubonyezwa, akapanga hatua kwa mtindo huo: "Kifaa kikilia, bonyeza Anza Upya, kisha soma baridi na uiandike." Wakala wa kukagua akaulinganisha mwongozo na programu, akaona vinapatana, akasifu ufupi wake. Friji hakuna aliyeiuliza.

Mwezi wa Juni, friji ya zahanati moja upande wa Mbololo iliganda alfajiri. Muuguzi wa pale, Koki, mwanamke mtaratibu aliyebandika mwongozo mpya ukutani kwa gundi, aliposikia mlio alifuata kila neno. Alibonyeza. Akasoma nyuzi nne za wakati ule, ambazo ni salama, akaandika nne. Siku hiyo alichanja watoto ishirini na watatu.

Baada ya wiki tatu fundi alikuja kubadilisha betri, akakuta kumbukumbu ya ndani ya kifaa, ambayo kitufe hakiifuti: nyuzi tatu chini ya sifuri. Kamati ya zahanati ikaweka karatasi mbili mezani. Moja ilisema imeganda, nyingine, yenye mwandiko wa Koki, ilisema nne. Wakamwita mwongo. Wakamsimamisha kazi mpaka kikao cha mwisho, ambapo wangeamua kama watamfukuza.

Habari ilifika Voi siku iyo hiyo, kupitia simu ya mwenyekiti wa kamati, Mzee Silvanus, aliyetaka tu kujua kama kifaa kinaweza kukosea. Jedidah alijibu kwamba hakikosei. Alipokata simu alifungua mwongozo ule, akausoma kwa mara ya kwanza. Pembeni, mtambo ulikuwa umeandika muda alioutumia kuuangalia mwezi wa Machi. Sekunde kumi na moja.

Hakusema. Nataka lieleweke hili, maana watu hupenda kumsifu mtu kwa ukweli na kusahau siku alizoukalia. Alisahihisha mwongozo kimyakimya, akawatumia wauguzi wote, akajidanganya kwamba amemaliza. Watoto wangechanjwa tena, hakuna aliyekufa; Koki ni kijana, angepata kazi kwingine. Lakini hayo hayakumtosha. Siku ya kumi aliingia kwa Derrick.

"Derrick, ile maneno ya Mbololo si makosa ya nurse. Ni mwongozo wetu. Mimi ndiye niliupitisha bila kusoma."

"Mwalimu, hiyo ni system. Ma-agent wote wawili walisema iko sawa. Hata ungesoma, ungeona?"

"Ningeona. Ule wa kwanza niliuandika mimi."

"Ukisema hivyo kwa kamati, kampuni haiwezi kukushikia kazi. Unajua?"

"Najua."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye hakuomba pole. Jumatatu alisimama mbele ya kamati, akaweka miongozo yote miwili mezani, wa zamani na mpya, akaonyesha hatua zilipogeuzwa. Mzee Silvanus alizisoma kwa kidole. Koki alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani, hakuinua macho. Kikao kilimrudishia kazi yake. Ya Jedidah iliishia hapo.

Nje, Jedidah alimfuata. "Sista, nisamehe."

Koki alimtazama kwa mara ya kwanza. Hakukuwa na hasira usoni pake, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwalimu, mimi nilikubali," alisema. "Waliniuliza siku nyingi sana, nikaona labda kweli niliona barafu nikaandika uongo, nikasahau. Nikaenda nyumba zote ishirini na mbili. Niliwaambia akina mama ni mimi."

Jedidah aliomba orodha ya nyumba, na Koki akampa.

Kesho yake alianza kwa Mutindi, mama wa pacha, aliyekuwa akipukuchua mahindi barazani. Jedidah alijitambulisha, akaeleza yote akiwa amesimama: mwongozo, mawakala, kitufe, sekunde zake. Mutindi aliendelea kupukuchua mpaka neno la mwisho.

"Kwa hivyo yule daktari wetu, Koki, hakutudanganya."

"Hakudanganya. Alifanya vile tulimwambia."

"Alikuja hapa na miguu," Mutindi alisema. "Alipiga magoti hapo umesimama. Mimi nilimwambia Mungu amlipe kwa watoto wake. Na hana mtoto, kila mtu hapa anajua, ametafuta mpaka Mombasa." Aliweka gunzi chini. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Jedidah alisema kwamba ataenda kwa Koki tena, amweleze kwamba Mutindi sasa anajua ukweli.

"Hapana," Mutindi akasema, huku akiinuka na kutafuta leso yake. "Wewe enda hizo nyumba zingine. Kwake nitaenda mwenyewe."