Jina Alilorudi Nalo Mama Kutoka Lamadi

Safari hii ilianzishwa na mdomo wa Baba. Mjomba Mayunga, mume wa shangazi yangu, ni mvuvi wa Lamadi. Yeye na Baba ni mashemeji wasioweza kuongea bila kutaniana. Alikuja kwetu Nkololo, akala nyama yetu, akanywa maziwa yetu, halafu mbele ya majirani akasema watu wa ng'ombe hata samaki wa kwenye sahani anawashinda.

Baba akawaka. "Krismasi nakuja na familia. Nakodi mtumbwi wako, navua sangara mwenyewe!"

"Ukikosa, jina lako ni Baba Dagaa."

Majirani wakalishika hilo jina kabla hata hajakosa.

Siku ya safari tulitoka asubuhi kwa pikipiki mpaka Bariadi: Baba na fimbo yake ya kuchungia ng'ombe, Mama na mimi. Mama aliwaza kitu kimoja tu, ng'ombe wake Mabaka, mwenye teke ambalo halijali sikukuu. Anayeweza kumkamua ni Mama peke yake, kwa hiyo tulimwachia ndama anyonye.

Bariadi tukapanda basi. Pamba ilikuwa bado changa huku na huku. Abiria mmoja akatuuliza tunakwenda wapi, Baba akajibia basi zima: "Kuvua!"

"Na hiyo fimbo, mzee? Unakwenda kuwaswaga?"

Nilicheka mpaka Mama akanifinya.

Lamadi, shangazi akatupokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka!" na ugali mezani. Mjomba aliiangalia ile fimbo. "Shemeji, samaki hawachungwi."

Kesho yake alfajiri tukaingia mtumbwini. Mama alivaa boya juu ya kitenge, akawa kama gunia la pamba linalosubiri mzani. Mjomba akawasha injini, tukaenda mpaka nyumba za Lamadi zikawa ndogo. Akatoa mishipi miwili, akaweka chambo.

Wa kwanza alikuwa wa Baba. Samaki aliposhika, Baba alikanyaga ubao akavuta kama anatoa fahali kwenye tope. Pwaa! Mshipi ukakatika, Baba akakaa chini bila kupenda.

"Pole, Baba Dagaa!" Mjomba alicheka mpaka akasahau kuchota maji mtumbwini.

Baba akaanza kuukunja ule mshipi uliokatika. Nikawaza Nkololo yote inayosubiri, nami kicheko kikanikauka.

Mshipi wa pili ukatikisika. Baba akanyoosha mkono, Mama akamzuia. "Kaa, baba watoto. Wewe unajua kuvuta tu."

Akazungushia mkono kitenge, akashika. Samaki akikimbia, anamwachia. Akisimama, anamrudisha polepole. Na midomo inacheza: "Tulia, ng'wanawane. Tulia, mwanangu. Tulia, Mabaka." Ni vile vile anavyombembeleza ng'ombe wake.

Mjomba akasogea amfundishe, akaishia kuangalia mikono yake.

"Shemeji, umejifunza wapi?" akauliza baadaye.

"Akipiga teke namwachia, akitulia naendelea. Si kazi yangu ya kila asubuhi?"

Sangara akatokea, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza. Mjomba akamkamata kwa kulabu, mtumbwi ukayumba, na mimi nikapiga kelele zilizosikika mpaka ufukweni.

Kurudi, tulimweka kwenye mfuko na barafu. Njia nzima Baba aliusimulia ule mvutano, nikaogopa akifika nyumbani sangara atakuwa wake.

Nkololo majirani walikuwa barabarani. "Baba Dagaa karudi!"

Baba akamwinua samaki kwa mikono miwili. "Dagaa ni mimi, nakubali. Wangu alinitoroka. Huyu kavuliwa na mke wangu, na nyie wote mtamla. Kuanzia leo anaitwa Mama Sangara!"

Vigelegele vilimfikia hadi Mabaka zizini. Mama aliangalia chini, lakini meno yote yalikuwa nje.

Nilichojifunza ni kwamba Baba akiahidi kitu, muulize kwanza Mama kama anaweza.

Asubuhi Mama akaenda kukamua, shingo imenyooka kama ya diwani. Mabaka akapiga teke, ndoo ikaruka.

"We Mabaka," Mama akasema, "unajua unaongea na nani?"