Jirani Aliyenifundisha Kuwaandikia Makocha

Jumamosi iliyopita, pale uwanjani Barking, mashariki mwa London, ninapowafundisha wasichana mbio, mama mmoja alinisogelea akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimeulizwa kwa miaka mingi. Binti yake ana mbio nzuri, na amesikia kuna vyuo vya Amerika vinavyowasomesha vijana kwa ajili ya michezo. "Sasa hao makocha, mwalimu, watoto wetu wanawaonaje? Huwa wanapita huku?"

Nikacheka, wala si kwa kumdharau. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi, nikiwa nimesimama uani kwetu Ilford na beseni la nguo mbichi mikononi. Yule mama nilimjibu kwa kifupi kwa sababu mvua ilikuwa inaanza. Wewe nitakusimulia kwa nafasi.

Nyumba yetu ilikuwa ya kupanga, na nyuma yake ilipita reli. Kila treni ikipita, vikombe vya bibi vililia kabatini. Tulikuwa watatu: bibi, mama na mimi. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na akirudi alikaa kwanza kwenye ngazi, akavua viatu, ndipo aseme na mtu. Bibi alikuwa wa Pemba, na London haikumbadilisha hata kidogo, hata Kiingereza hakujifunza. Mimi, kama watoto wengi waliozaliwa huku, nilisemeshwa Kiswahili nikajibu Kiingereza, mpaka bibi anitolee macho: "Nijibu kwa lugha niliyokuuliza!"

Upande wa pili wa ua wa mbao aliishi mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, mjane, mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Alikuwa ameuza magazeti na peremende Ilford mpaka akastaafu. Kila asubuhi yeye na bibi walisimama uani, huyu huku na yule kule, wakazungumza habari za mvua, za magoti, za nani kafa na nani kaoa. Kwa kuwa hakula nyama wala samaki, bibi alimpikia muhogo wa nazi, akampitishia bakuli juu ya ua. Nalo halikurudi tupu hata siku moja. Lilirudi na kachori, au na chatne ya embe iliyonifanya nitokwe na machozi huku nikiongeza.

Huyu mzee ndiye mtu wa kwanza kuniona. Nilikuwa mzito wa kuamka, kwa hiyo basi la shule nililifukuza kila siku. Jioni moja nikamsikia akimwambia bibi, "Bi Mkubwa, huyu mjukuu wako nimemtazama dirishani mwaka mzima. Anatoka mlangoni basi limeshakata kona, na kituoni anafika kabla yake."

"Uvivu tu huo," bibi akasema. "Angeamka mapema asingekimbia."

"Mvivu hakimbii namna ile."

Hakuishia kusema. Alivaa koti lake la sherehe akaenda shuleni kwetu kuonana na mwalimu wa michezo, na mwezi haukwisha nikawa nimeandikishwa kwenye klabu ya riadha. Nilipewa mita mia nane, mizunguko miwili ya uwanja, mbio inayochoma kifua na miguu pamoja. Mzee alikuja kunitazama amejifunga shali mbili na kofia ya sufu iliyomfunika nyusi, mkononi ameshika saa ya kupimia. Nikimaliza, hakuniambia hongera. Aliniambia muda wangu, na mahali nilipolegea.

Nilipofika miaka kumi na sita, mwalimu aliniita akanieleza habari za vyuo vya Amerika. Nilirudi nyumbani nimejaa hamu, nikakuta nguo zinanisubiri. Nikazibeba uani, na kabla sijaanika hata moja nikamuuliza mzee: watanionaje? Watapita huku?

"Mwanangu, mimi nimeuza dukani maisha yangu yote," alisema. "Mteja asiyejua duka lako lipo, haji. Unaweka kibao."

Kisha akatusimulia jambo ambalo hata bibi hakuwa analijua. Ujanani, huko Tanga, alicheza mpira wa magongo, na walimwita mwepesi kuliko wote. Ikasikika kwamba timu moja kubwa ya Nairobi inatafuta wachezaji. Akakaa nyumbani kungoja waje wamwone. "Hawakulijua hata jina langu," alisema. "Aliyechukuliwa ni mwenzangu aliyepanda gari moshi akaenda kubisha hodi. Na mimi nilikuwa namshinda." Hakusema kwa uchungu. Lakini bibi, aliyekuwa anachambua mchele, aliacha.

Basi kila jioni nikawa naandika barua kwenye meza ya jikoni, kompyuta kati ya sufuria, mzee pembeni na miwani puani. Sheria zake zilikuwa chache naye hakuzilegeza. Barua iwe fupi. Muda wako bora uje mwanzoni, na useme uliupata mashindano gani, ili wakitaka kuhakikisha wahakikishe. Alama za shule usizifiche, maana chuo ni chuo. Taja utakimbia wapi tena na lini. Weka video. Na kabla hujaandika, soma habari za timu yao: nani anamaliza masomo, walio na muda kama wako ni wangapi. Vile vyuo vikubwa nilivyoviota alivikata mwenyewe kwa kalamu. "Hawa wanakimbia haraka kuliko wewe," alisema. "Usione haya. Tafuta wanaokuhitaji."

Wiki zikapita. Majibu yalikuwa machache, mengine yameandikwa na mashine. Nikachoka, na Jumapili moja nikatuma barua kumi kwa mpigo, kila moja nimeinakili kutoka nyingine. Nilipozipitia baadaye nikaliona kosa. Kocha wa chuo kimoja nilikuwa nimempelekea barua ya kukisifia chuo kingine, kwa jina, mara tatu.

Nikaangua kilio. Bibi akatoka mbio na mwiko mkononi. "Nani kafa?"

Mzee akaitwa. Alisoma ile barua, akaisoma tena, akavua miwani. Nilimwambia bora tuiache tu, huenda yule kocha asiitazame.

"Mteja ukimpelekea mzigo wa mtu mwingine, unafanya nini?" akaniuliza.

"Sijui, babu."

"Unamfuata mpaka mlangoni kwake, unamwambia umekosea, unampa mzigo wake. Kaa. Andika."

Nikaandika kwamba nimemtumia barua yenye jina lisilo la chuo chake, kwamba nilikuwa na haraka na kosa ni langu, na kwamba hii ndiyo barua niliyopaswa kumwandikia. Chini yake nikaandika upya, safari hii kwa moyo.

Kesho yake akajibu. Alikuwa kocha mwanamke. Alisema kosa kama langu analiona kila mwaka, lakini hajawahi kuona mtu aliyerudi kulikiri. Akaomba video ya mbio nzima, kutoka kuanza hadi kumaliza, si mita za mwisho tu. Akaomba na moja ambayo nilishindwa.

Ya kushindwa tulikuwa nayo. Ile nyingine ilibidi ichukuliwe kwenye mashindano ya mwisho ya msimu, na wiki hiyo mzee alikuwa kitandani kwa kifua. Mama akabadilishana zamu na mwenzake ili aende yeye. Mzee alimfundisha akiwa amelala: simu ishike kwa ulalo, kaa juu kwenye ngazi za watazamaji, usipige kelele, usimwache mtoto atoke kwenye picha.

Mpaka siku ile mama hakuwa amewahi kuniona nikikimbia. Siku zote zamu zilimzuia. Nilimaliza wa nne, lakini kwa muda ambao sikuwa nimewahi kuufikia. Nilipopanda ngazi kumfuata, nilimkuta bado ameinua simu, macho yamejaa maji.

"Kumbe ndo unafanya hivi?" akasema. "Siku zote hizi, ndo unafanya hivi?"

Kocha alipoipata video, akaomba kuzungumza nasi kwa simu ya picha. Mama alijifunga mtandio wake mzuri, akakaa mbele, mimi nikawa mkalimani. Mama akaanza kuuliza. Je, mwanangu atakimbia na hijabu yake? Atakimbia nayo. Akiumwa nani atampeleka hospitali? Mimi mwenyewe, akasema kocha. Chakula cha halali atapata wapi? Hapo kocha akasema hajui, apewe siku mbili. Siku ya pili akapiga: ameongea na wapishi wa chuo, na amepata familia ya Kisomali karibu na hapo iliyokubali kunipokea sikukuu.

Simu ilipokatika mama akamgeukia bibi. "Angenidanganya ningejua. Huyu kasema hajui, kaenda kuuliza. Nitamwachia."

Nikaenda, chuo kikinisomesha. Sikuwa bingwa, wala sitaki ukae ukidhani nilikuwa. Nilikimbia miaka minne, nikasoma kutibu viungo vya watu, kazi ninayoifanya mpaka leo. Siku ya kuondoka nilikwenda kumshukuru mzee. Alinikatiza kabla sijafika mbali. "Mimi nilikuwa natazama dirishani tu," akasema, akaniuliza kama nimebeba soksi za kutosha.

Nilipokuwa mwaka wa tatu, binti wa mzee alikuja kumchukua akaishi naye mji wa Leicester, maana ngazi zilikuwa zimemshinda. Hakumaliza mwaka huko. Nilipata habari za msiba kwa simu, nikiwa na mtihani asubuhi, na mpaka leo sijui niliandika nini kwenye karatasi ile.

Bibi naye ametangulia. Nyumba zile mbili zina watu wengine sasa, na ukipita barabarani husikii kitu uani isipokuwa treni. Kiswahili cha Tanga na cha Pemba kikijibizana asubuhi juu ya mbao, na harufu ya nazi ikienda, ya uwatu ikija kutoka jikoni kwa mzee, sijavikuta tena popote London, nami nimevitafuta.

Mama ndiye aliyeniambia ilivyokuwa baada ya mzee kuhamia Leicester. Kesho yake asubuhi bibi alitoka uani kama kawaida, akasalimia kwa sauti, akangoja, kisha akakumbuka. Alikaa ndani wiki nzima. Halafu siku moja, mama akiwa anavua viatu vyake kwenye ngazi, bibi alikuja akakaa karibu naye na kumwomba amfundishe Kiingereza.