Ulimi wa Mama Raita

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida ilianza kwa ugomvi wa kijiko. Haikuwa habari mpya. Ugomvi huo ulikuwapo siku sita za wiki, saa kumi na mbili, jikoni, mume amekaa kwenye kigoda na mke amesimama mbele yake kama askari anayedai kitambulisho.

"Fumbua mdomo, Fundi."

Akafumbua. Kijiko kikaingia, kikatoka.

"Haya. Sema."

"Nzuri."

"Nzuri! Nimekuuliza kama ni nzuri? Hilo hata paka wa jirani angeniambia."

Mke alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha nguo. Alipika wali na dengu zenye pilipili ya kutoa machozi, na pembeni kila mtu aliwekewa upawa wa raita, mtindi wenye tango, wa kupoza mdomo. Alifundishwa ujanani na mama mmoja wa Kihindi ambaye yeye alikuwa akimfulia nguo. Wafanyakazi walimwita Mama Raita. Siku asipokuja walikula dengu wakihema, wakanung'unika mpaka saa ya kutoka.

Miaka miwili nyuma, homa na mafua vilimlaza wiki tatu. Vilipoondoka, viliondoka na pua yake na ulimi wake. Asali, siki, sabuni, kwake yote yakawa maji. Daktari alisema huenda ladha ikarudi. Haikurudi. Sasa mpishi asiyeonja, nani atamwachia jiko? Wangempeleka kuosha masufuria, na jiko lile alilishika miaka kumi na tisa. Basi hakumwambia mtu ila mumewe. Vyakula vingine alivipika kwa mazoea ya mkono. Raita haikubali mazoea. Mtindi wa leo si wa jana, tango hili tamu, lile chungu. Kwa hiyo akawa anaitengeneza nyumbani asubuhi, penye ulimi wa kuazima.

Ulimi wenyewe ndio huo. Mwashi aliyestaafu, mtu wa maneno matano kwa siku, na mawili ni salamu.

Miezi ya kwanza mke nusura ammwagie bakuli kichwani. Mpaka siku moja, kwa kuchoka tu, akamuuliza, "Hii ingekuwa lipu, ungemwambiaje kibarua wako?"

Fundi akalamba tena. Akafikiri.

"Ningemwambia maji yamezidi, haitashika ukuta. Na chokaa ni nyingi, inachoma."

Mke akabaki na kijiko hewani. "Kumbe unajua kusema!"

Tangu hapo walielewana. Chokaa ni ukali wa mtindi. Mchanga ni bizari iliyotwangwa vibaya. Saruji ni chumvi. Na ikiwa tayari kabisa, Fundi alisema, "Piga." Mke akisikia "piga" alifunika ndoo, akajifunga kitambaa, akaenda zake kazini.

Asubuhi ile kila kitu kilikuwa mahali pake. Mtindi ulining'inia kwenye kitambaa chepesi tangu jana, maji yamechuruzika. Tango alilikwangua, akalikamua kwa mikono miwili mpaka likalia. Bizari nyembamba aliikaanga kavu akiitazama rangi na kusikiliza mlio, maana harufu hakuwa nayo tena, kisha akaitwanga. Akakata nanaa na majani ya giligilani. Kilichokuwa si mahali pake ni jino.

Gego la chini, kushoto. Lilimsumbua Fundi mwezi mzima. Mke alimwambia nenda ukang'oe. Fundi alisema kesho. Kesho ilipofika alisema kesho. Asubuhi ile, mke akiwa bafuni, alilipaka mafuta ya karafuu, akazidisha, mdomo mzima ukafa ganzi. Mtu mwingine yeyote angeisikia harufu ile toka mlangoni. Mke alisimama mbele yake, pua kwa pua, asisikie kitu.

"Achana na nzuri yako. Saruji ikoje?"

Fundi alikuwa kama mtu anayelamba pamba. Akisema ukweli, ataimbiwa jino mpaka jua lizame.

"Bado," akasema.

Mke akaongeza, akakoroga, akamlisha.

"Sasa?"

Fundi akaona "bado" ya pili itaonyesha kwamba yuko makini. "Bado kidogo."

Mke akaongeza. "Sasa?"

"Sawa."

"Sawa ndiyo piga?"

"Piga."

"Mwanamume wewe utanizeesha. Nimeshazeeka, utanizeesha mara ya pili." Akafunika ndoo, akatoka.

Alirudi saa saba mchana, saa ambayo si yake. Lango lilivyobamizwa, Fundi alijua. Mke aliingia na aproni imekunjwa kwapani, hakuvua viatu.

"Fumbua mdomo."

Fundi akafumbua akitegemea kijiko. Ilikuwa tochi.

"Toba! Na hili shimo? Ufizi umevimba hivi, umekaa kimya? Umepaka nini?"

"Karafuu."

"Lini?"

"Asubuhi."

"Kabla ya kuonja?"

"Kabla."

Mke akakaa chini. Akamweleza. Mshonaji wa kwanza alitema. Wa pili akauliza nani kamwaga gunia la chumvi. Msimamizi wa jikoni akaja na kijiko, akampa yeye mwenyewe aonje, watu wote wanatazama.

"Nikaonja. Nikasema iko sawa kabisa. Fundi, walivyotazamana! Jumatatu ndipo nitajua kama jiko bado ni langu. Simama twende."

"Wapi?"

"Kwa daktari wa meno, wapi tena! Au unangoja nikuulize kwa lugha ya saruji?"

Alimsema njia nzima. Alimsema kwenye benchi la kungojea, watu wakigeuka. Alimsema mbele ya daktari. "Ng'oa na la pembeni, daktari, labda ndilo linaloziba maneno." Walirudi, akampikia uji mwepesi, akaupoza kwa kuumimina kikombe kwa kikombe, huku akimsema.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa mke hakuamka. Wakasema ni moyo.

Fundi alimzika mkewe akiwa na pengo mdomoni linalovuja damu bado. Waliokuja kumpa pole aliwajibu, "Ahsante." Binti yake alimsihi aseme japo kitu, baba, usikae nacho rohoni. Rohoni alikuwa na jambo moja tu, analigeuza asubuhi, analigeuza jioni: kwamba yeye na "bado" zake mbili ndio waliomvunjia mkewe heshima aliyoilinda miaka kumi na tisa, na kwamba mwanamke yule alitoka kantini amechekwa, akafa na aibu hiyo. Alijikasirikia mpaka akashindwa kuingia jikoni. Kigoda akakitoa nje.

Jumatatu msimamizi wa jikoni alikuja, ameshika ndoo ya raita, imeoshwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Wakakaa. Msimamizi alikohoa, akaangalia sakafu.

"Mzee, nimekuja kusema kwamba jiko lilikuwa lake. Sikungoja Jumatatu. Niliamua palepale, ila hakunipa nafasi ya kumwambia."

"Hata na chumvi ile?"

"Hata na chumvi ile."

Fundi akamtazama.

"Nilimuuliza mbele ya watu, mama, kama husikii ladha, nani amekuwa akikuonjea muda wote huu? Nilijua atalia. Hakulia, mzee. Alikasirika. Alivua aproni, akaikunja, akanijibu maneno haya, na jikoni kwetu hakuna asiyeyakumbuka."

"Alisemaje?"

"Alisema: 'Ulimi wangu uko nyumbani, umekaa kwenye kigoda, na haujanidanganya hata siku moja. Kama leo umesema bado na chumvi imejaa, basi mume wangu anaumwa na hasemi, maana yule hata akikatwa mguu atakwambia sawa. Habari za jiko tutaongea Jumatatu. Nipishe mlangoni, nikamwangalie.'"