Mikoba Katikati ya Duara

Siku yangu ya kwanza kazini kama mlinzi wa matamasha nilipewa koti la kung'aa lisilonitosha, filimbi, na sheria tatu. Msimamizi wetu, mtu wa Bukavu, kwetu Kongo, aliyenitangulia kufika Durban, Afrika Kusini, alizirudia mpaka zikanichosha: usikae, usiache mtu avuke kamba ya kuzuia umati, na mzigo usio na mwenyewe uondolewe mara moja. Nilikuwa na miaka hamsini na saba. Kabla ya hapo nililinda magari ya watu kule Point, mtaa wa bandarini, kazi ya jua na matusi, na kosa moja katika miezi ya majaribio lingenirudisha huko.

Mwaka ule wa Kombe la Dunia, 2010, kulikuwa na tamasha karibu na ufuko. Wakatalani, watu wa kaskazini-mashariki mwa Hispania, walikuja kucheza sardana. Ni ngoma ya duara: mnashikana mikono, mnaiinua, na miguu inahesabu hatua fupi na ndefu. Hakuna anayecheka ovyo, maana akipoteza hesabu ameharibu.

Kabla ya kuanza, walirundika mikoba yao katikati ya duara. Ndiyo desturi yao, wote wailinde wakiwa wanacheza. Mimi niliona mizigo isiyo na mwenyewe.

Nikavuka kamba, nikapenya kati ya mzee mmoja na mkewe. Kwao hilo ni kosa, mwanamume hatenganishwi na mwenzake wa kulia. Mama yule hakukasirika. Alinihamishia upande wake wa pili, akanishika mkono akidhani nimekuja kucheza, kwa kuwa duara lao hupokea yeyote.

Ningeweza kuuvuta mkono. Sikuuvuta. Miaka miwili nyuma, wageni tulipokuwa tunafukuzwa mitaani, nilijifunza kunyamaza ndani ya teksi nisitambulike kwa lafudhi yangu. Sasa nimeshikwa mkono mbele ya umati, na nilifurahi mpaka nikaona haya.

Watu walipoona mlinzi anacheza, wakajua ruhusa imetoka. Muuza mahindi mmoja, mama wa Kizulu, alikuwa wa kwanza kuvuka kamba, akanishika mkono wa kulia. Wengine wakamiminika nyuma yake.

Muziki ulipokoma, msimamizi alikuwa mbele yangu. Nikaanza kuvua koti, nikijua kazi imekwisha.

"Papa, nilikuambia nini juu ya kamba?" aliuliza, akiniita kama Wakongo tunavyomwita mtu mzima.

"Watu wasivuke."

"Na sasa iko watu ngapi ndani?"

Niligeuka kuwahesabu. Naye alilitazama duara. Hakuna aliyekuwa ametoka. Walikuwa bado wameshikana, wakingoja wimbo mwingine.

"Vaa koti, Papa. Simama pale, uonyeshe watu fasi ya kuingilia. Wasiachanishe tena bwana na bibi yake."

Nilistaafu mwaka 2015. Nyinyi mnaovaa makoti haya sasa, zishikeni sheria, zina maana yake. Niliowazuia miaka yote ile siwakumbuki hata mmoja. Niliowaingiza mchana ule, tukajuana, nikiwaona sokoni nawaita kwa majina, kwa sauti, kabla wao hawajaniona.